Pepo wa Saa Nne

Kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajawika mara ya pili, simu yangu hutetemeka juu ya kimeza kilicho karibu na kitanda. Ni kikundi chetu cha walimu wa Kiswahili kinachoamka. Mmoja ameleta picha ya ua la waridi lenye maneno ya hekima yaliyobandikwa jina la Mfalme Suleiman. Wa pili amemjibu kwa maneno mengine. Haya yamebandikwa jina la Mwalimu Nyerere, nami sidhani kwamba Mwalimu aliwahi kuyatamka. Wa tatu hakuandika neno, ameweka tu viganja viwili vilivyounganishwa kama vya mtu anayesali. Ifikapo saa moja nimekwisha kupokea hekima kumi na tano, na sikumbuki hata moja.

Ndugu walimu, hawa wanaoleta maua ndio hao hao ambao, tukutanapo, hulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawatulii. Hawamalizi ukurasa. Mkono mmoja u juu ya kitabu, wa pili unapapasa mfuko. Na malalamiko yakifika mwisho hutokea mmoja akasema kwamba dawa ni kuirudia hekima ya kale, ile ya manabii, ya watawa na ya mashehe waliojua kuituliza nafsi. Wote huitikia, kisha simu zao hulia.

Mimi siipingi dawa. Napinga jinsi tunavyoinywesha. Tumeigeuza hekima ya kale kuwa sentensi ya kupelekeana, na sentensi hiyo sasa ni kelele moja zaidi kati ya kelele. Huko Ulaya na Marekani wametutangulia: wameigeuza kuwa programu ya simu, yenye ada ya kila mwezi, ambayo humwita mtu kwa kengele ili ajifunze kutoitikia kengele. Nami nasema kwamba wazee wale hawakutuachia misemo ya kuliwaza. Walituachia kazi, tena kazi ngumu. Nasema pia, na hili ndilo litakalowaudhi wenzangu, kwamba mgonjwa waliyemwandikia hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mwalimu.

Nawaomba mnifuate kwanza hadi Misri, katika karne ya 4, kwa sababu huko ndiko ugonjwa huu ulikoandikwa kwa ukamilifu kuliko mahali pengine ninapopajua.

Evagrius alizaliwa Ponto, nchi ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Alikuwa mtu wa mjini na msomi. Alikuwa shemasi huko Constantinople, makao makuu ya dola, akasifiwa kwa jinsi alivyowashinda wapinzani katika mabishano ya dini. Kisha akaukimbia mji na sifa zake, akapitia Yerusalemu, na mnamo mwaka 383 akafika katika jangwa la Misri. Aliishi huko hadi alipofariki mwaka 399, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alikaa Kellia, jina ambalo kwa Kiyunani maana yake ni vijumba. Kila mtawa alikuwa na kijumba chake, mbali na cha mwenziwe. Evagrius alipata riziki kwa kunakili vitabu kwa mkono. Hapakuwa na redio, wala gazeti, wala soko la kupitapita. Yafaa tujiulize basi: mtu wa namna hiyo alisumbuliwa na nini?

Alisumbuliwa na dirisha.

Katika kitabu chake kifupi kiitwacho Praktikos alieleza mawazo manane yanayomvamia mtu aliye peke yake. Lililo zito kuliko yote aliliita akedia, na akalitambua kuwa ndiye yule pepo wa adhuhuri. Asema humjia mtawa saa nne na kumzingira hadi saa nane. Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Mzungu asomapo maneno hayo hana budi kupiga hesabu, kwa kuwa saa ya nne ya watu wa kale si saa nne ya ukutani kwake. Sisi tusemao Kiswahili hatuna hesabu ya kupiga. Tungali tunazihesabu saa tangu jua linapochomoza, kama walivyozihesabu wao. Saa nne ya Evagrius ndiyo saa nne yetu, ile ambayo mapumziko yamekaribia na mwalimu ameanza kuitazama saa kuliko anavyolitazama darasa. Na saa nane yake ndiyo saa nane yetu, kipindi cha baada ya chakula, ambacho hakuna mwalimu anayekiomba katika ratiba. Sijui maandishi mengine ya kale sana ambayo yameingia katika saa zetu bila kubisha hodi namna hii.

Pepo huyo akishamfikia mtawa, jua huonekana limesimama, na mchana huwa mrefu kana kwamba una saa 50. Mtawa huchungulia dirishani. Hutoka nje, hulitazama jua, apime limebakiza kiasi gani kufika saa tisa, saa ya kula. Hutupa macho huku na huku, pengine yuko ndugu anayekuja kumsalimu. Huanza kuchukia pale anapokaa na kazi aliyo nayo mkononi. Humjia fikira kwamba hapendwi tena na wenzake, na kama yuko mmoja aliyemuudhi siku hizo, sura ya huyo huja kwanza. Huwaza mahali pengine ambapo riziki ni nyepesi na kazi ina faida. Huwakumbuka jamaa aliowaacha. Mwisho hukiacha kijumba.

Msomaji mwenzangu, niambie ni kipi hapa ambacho hukukifanya juma lililopita ukiwa na simu mkononi. Kuchungulia kama yuko anayekuja ndiko kuchungulia kama yuko aliyeandika. Kumkumbuka aliyekuudhi ndiko kurudia mara ya tatu ujumbe wake ili uone kama kweli alikukusudia wewe. Riziki nyepesi ya mahali pengine ndizo picha za mwenzetu aliyekwenda kufundisha ng'ambo. Jamaa walioachwa ndio wanafunzi tuliosoma nao chuo cha ualimu, ambao sasa tunajua wamekula nini jana usiku. Yote hayo yamo katika sura moja fupi iliyoandikwa miaka zaidi ya 1,600 iliyopita, na mwandishi wake hakuwa na kioo kingine isipokuwa tundu ukutani.

(Nafahamu kwamba Kanisa lilimlaani Evagrius mwaka 553, zaidi ya miaka 150 baada ya kifo chake, kwa ajili ya mafundisho yake mengine, na kwamba baadhi ya maandishi yake yalinusurika kwa kusomwa chini ya jina la mtu mwingine. Lakini habari ya pepo wa saa nne iliendelea kupokewa na watawa wa mashariki na wa magharibi.)

Sisi ni walimu wa lugha, kwa hiyo acheni nikae kidogo kwenye neno. Akedia kwa Kiyunani ni hali ya kutojali. Yohana Kasiano, aliyeishi na watawa wa Misri, alilichukua neno hilo hadi nchi ambayo leo ni Ufaransa na kuliandikia kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 5. Baadaye Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, alipopanga upya orodha ya dhambi kuu aliliacha, akalitia ndani ya huzuni. Miaka ilivyokwenda, mahali pake pakakaliwa na uvivu, na uvivu ndio tunaofundishwa katika katekisimu zetu hata leo.

Mimi tafsiri hii siiafiki. Mvivu hulala. Mtu wa akedia halali! Kasiano aeleza kwamba mtawa aliyepatwa na hali hiyo hushikwa ghafla na hamu ya matendo mema: awatembelee wagonjwa walio mbali, awasalimu jamaa, amsaidie mama fulani mchaji asiye na ndugu. Yote ni mema, isipokuwa hakuna hata moja ambalo ni kazi iliyo mbele yake wakati huo. Kiswahili kina neno linalokaribia zaidi kuliko uvivu, nalo ni kiherehere, ile hali ya moyo usiotulia mahali, unaotaka kuwamo katika kila jambo. Tofauti hii si ya kamusi tu. Mwalimu aliyejibu jumbe 60 kabla ya adhuhuri, aliyepeleka rambirambi mbili, pongezi tatu na mchango wa harusi, mwiteni mvivu, atacheka, tena kwa haki. Mwambieni kwamba tangu asubuhi hajasahihisha daftari hata moja kwa sababu ya kiherehere, na huenda akanyamaza.

Labda msomaji atasema: sawa, ugonjwa ni wa kale, lakini simu imeuzidisha, ondoa simu, nao utapungua. Hapa Uganda tulilijaribu jambo hilo bila hiari yetu. Mnamo Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa muda wa siku tano hivi. Sizungumzii hapa siasa ya jambo lile, wala hasara waliyoipata wafanyabiashara na wagonjwa na watu waliokuwa mbali na jamaa zao. Hayo yana mahali pake. Nazungumzia mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyekuwa nyumbani na rafu ya vitabu ambavyo kwa miaka mingi alidai kwamba simu ndiyo inayomzuia kuvisoma. Siku ya kwanza nilipanga meza. Siku ya pili nilisoma kurasa nne. Kuanzia siku ya tatu nilikuwa nikiichukua simu iliyokufa kila robo saa kuona kama imefufuka, na nisipoichukua nilikwenda langoni kumtazama anayepita. Simu ilizimwa, kiherehere hakikuzimwa. Nilijikuta nikichukia nyumba, meza na vitabu vyenyewe. Intaneti iliporudi, nilishukuru kama mtu aliyetolewa kifungoni, kumbe kifungo kilikuwa kimoja na kile kile.

Kwa hiyo wale wanaotaka simu zipigwe marufuku tu, halafu twende nyumbani tukiwa tumeridhika, nao pia wamelikosa jambo. Aliyelieleza hili kwa mfano mwepesi kuliko wote ni Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni aliyezaliwa Tus, katika Uajemi, mwaka 1058. Katika kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din, anapoieleza sala na siri zake, anauliza kwa nini moyo hutangatanga mtu anaposali. Anataja sababu za nje, yaani yale yanayopiga jicho na sikio, na kwa hizo anashauri mambo ya kawaida kabisa: usali karibu na ukuta ili macho yasiende mbali, usali chumbani penye giza, ujiepushe na mazulia ya nakshi. Lakini asema ya nje ni mepesi. Kisha anatoa mfano wa mtu aliyekaa chini ya mti akitaka kufikiri kwa utulivu, na ndege mtini wakawa wanampigia kelele. Akachukua fimbo, akawafukuza, akarudi kwenye fikira zake; ndege nao wakarudi mtini. Akainuka tena na fimbo yake. Hali ikawa hivyo hivyo hadi mtu akamwambia kwamba kazi hiyo haina mwisho, na kwamba akitaka raha aukate mti.

Ndege ni zile fikira. Mti, kwa Ghazali, ni kule kuipenda dunia, ndiko zinakotoka fikira zote zinazozagaa. Sisi tunapiga ndege kwa fimbo. Tunazima sauti ya simu, tunaificha kabatini, tunaweka kanuni ya shule ukutani, na ndege wanarudi kwa kuwa mti wao umesimama. Ni mti gani huo kwa mwalimu? Ghazali analo jibu, na hakulitoa kwa kuwatazama wengine.

Mwaka 1091 alipewa kufundisha katika chuo cha Nidhamiya huko Baghdad, cheo ambacho wanachuoni wengi wa zama zake wangekipigania. Mwaka 1095 ulimi wake uliziba. Aeleza mwenyewe kwamba alisimama mbele ya wanafunzi wake na hakuweza kutamka neno. Alikuwa ameichunguza nia yake katika kufundisha, akaona kwamba haikuwa ya Mungu. Ilikuwa ni kutafuta jina na kusifiwa. Akakiacha chuo, akatangatanga miaka mingi kama fakiri kabla ya kurudi kufundisha tena, huko Nishapur, mwaka 1106. Alifariki mwaka 1111. Kisa hiki nimekisoma mara nyingi, na kila mara hujiuliza ni wangapi kati yetu ambao ndimi zao zingeziba leo kama nia ingechunguzwa. Maana tunapoiinua simu katikati ya kipindi hatutafuti habari. Tunatafuta kama ua letu la asubuhi limepata viganja vingapi.

Sasa nije kwenye lile ambalo ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Mwenzetu mmoja, mtu ninayemheshimu, alitoa rai katika kikao cha walimu kwamba maadamu wanafunzi hawawezi tena kukaa na kitabu, basi tuwafuate huko huko waliko. Badala ya riwaya nzima, tuwape dondoo. Badala ya utenzi, beti mbili zenye picha, zipelekwe kwa simu. Kukariri tukuache kabisa, kwa sababu yote yanapatikana kwa kutafuta. Wengi walipiga makofi. Mimi naiona rai hiyo kuwa ni sawa na kumwambia mtawa wa Kellia kwamba, maadamu hawezi kuacha kuchungulia, basi tumtobolee madirisha zaidi.

Wazee wa jangwani walitoa dawa iliyo kinyume kabisa. Walimfunga mtu kwenye kazi ndogo, nzima, inayorudiwa. Husimuliwa kwamba Antoni mwenyewe, aliposhikwa na akedia, aliomba aonyeshwe la kufanya, akamwona mtu mfano wake ameketi anasuka kamba ya makuti; kisha akainuka kusali, kisha akaketi tena kusuka. Hapakuwa na zaidi ya hapo. Kasiano naye anasimulia habari za mzee Paulo, aliyeishi mbali jangwani kiasi kwamba nauli ya kupeleka kazi zake sokoni ilizidi bei yake. Alikusanya makuti na kufanya kazi kila siku kama mtu anayelipwa, na pango lilipojaa mwishoni mwa mwaka, alivichoma moto vyote na kuanza upya. Zamani nilikiona kisa hiki kuwa cha kijinga. Tangu nianze kufundisha imla kwa wanafunzi 90 katika chumba kimoja, nimebadili mawazo.

Na pamoja na kazi ya mkono palikuwa na jambo la pili: kuhifadhi moyoni. Evagrius aliandika kitabu kingine, Antirrhetikos, ambacho ndani yake amekusanya karibu aya 500 za Maandiko, zilizopangwa kwa yale mawazo manane, ili mtu akivamiwa na wazo ajue neno la kulijibu papo hapo. Angalieni lililomo humo. Mtu hawezi kujibu kwa neno ambalo halimo ndani yake. Pepo akija saa nne hatangoji uende kutafuta. Hicho ndicho kilichokuwa silaha, na silaha hiyo tunataka kuiweka chini eti kwa sababu imo katika simu. Katika simu, ambamo pepo amekwisha kuingia mbele yetu!

Najua nitakalojibiwa, kwa kuwa nililisikia chuoni nilipokuwa nikichukua stashahada yangu: kukariri ni kasuku, mbinu za kisasa zataka mwanafunzi aelewe. Nakubali nusu. Kumkaririsha mtoto majibu ya mtihani wa miaka iliyopita ni kasuku, na wapo kati yetu wanaoishi kwa hilo. Lakini mtoto aliyehifadhi beti 20 za utenzi kwa vina na mizani hakubeba majibu. Amebeba kitu ambacho atakaa nacho foleni ya hospitali, katika basi la Mbale lililoharibika njiani, usiku wa matanga. Atakielewa polepole, na sehemu yake kubwa ataielewa sisi tukiwa tumekwisha kustaafu. Na asiyekuwa na kitu ndani yake atakwenda dirishani. Aende wapi kwingine?

Wala hili si jambo la kuazimwa Misri au Baghdad. Wenye lugha hii walilijua. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, alipotunga Al-Inkishafi, hakuuhutubia umma, wala hakuwakemea vijana wa zama zake. Baada ya dibaji aliugeukia moyo wake mwenyewe, akausaili na kuulaumu kwa kughurika na dunia, akauonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa yamejaa taa na watu na ambayo sasa ni magofu. Utungo huo hauzidi beti 80 hivi. Nani anaweza kuniambia kwamba mwanafunzi wa sekondari hana subira ya beti 80? Hana mwalimu mwenye subira hiyo, basi. Na ukimpa beti mbili zenye picha ya gofu, umempa gofu; ule mwendo wa moyo kujigeukia wenyewe, ubeti baada ya ubeti, ambao ndio utungo wenyewe, hakuuona.

Nisieleweke vibaya. Sisemi simu zitupwe ziwani Nalubaale. Shule zilipofungwa tangu Machi 2020, na nyingi zisifunguke kwa ukamilifu hadi Januari 2022, simu ndiyo iliyoniletea sauti za wanafunzi wangu wachache wakisoma, na ndiyo iliyonipa vitabu ambavyo duka la mjini kwetu halijapata kuviuza. Mwalimu wa Kiswahili wa Uganda ni mtu wa vitabu haba, naye hawezi kuringa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hatuwezi kuchezea kidogo tulicho nacho. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tulishangilia. Je, tumeutafakari uzito wake? Mwanafunzi wa Zanzibar akipoteza kipindi, lugha atairudia jioni sokoni na barazani. Wa kwetu, katika nyumba nyingi, haisikii nyumbani, na pengine babu yake angali akikumbuka kwamba zamani lugha hii ilimfikia kwa sauti ya askari kizuizini. Huyo ana dakika 40 zetu tu, mara chache kwa juma. Dakika hizo tukizikatakata, hana nyingine.

Nimesema mgonjwa ni mwalimu, na si haki niwaseme wenzangu nikajificha. Muhula uliopita nilimsimamisha mwanafunzi wa kidato cha tatu, binti mpole asiyezoea kunyoosha mkono, akariri shairi alilolichagua mwenyewe. Alianza vizuri. Katika ubeti wa pili simu yangu ilitetemeka mfukoni, nikaitazama chini ya meza. Ilikuwa kikundi chetu, watu wanabishana juu ya tarehe ya mkutano. Nilisoma, nikaandika maneno matatu, nikasoma tena. Nilipoinua macho, binti alikuwa amenyamaza, ananitazama. Nikadhani amesahau, nikamtia moyo: "Endelea, mwanangu, usiogope." Akasema kwa adabu kabisa, "Shikamoo, Mwalimu. Nimekwisha kumaliza."

Ile shikamoo haikuwa na mahali pake pale, maana tulikwisha kuamkiana tangu asubuhi. Nadhani hakupata neno lingine la kunigutusha bila kunivunjia heshima. Darasa halikucheka. Laiti lingecheka.

Tangu siku hiyo simu hubaki katika mtoto wa meza ofisini, na darasa hilo tumeanza utenzi mmoja, mzima, beti tano kila juma, mwalimu akihifadhi pamoja nao na kusimama mbele yao zamu yake ifikapo. Siku ya kwanza, ilipokaribia saa nne, mkono wangu uliingia mfukoni wenyewe, ukakuta chaki. Siku ya tatu nilijikuta nimesimama dirishani, wanafunzi wanaandika kimya nyuma yangu, nami natazama kivuli cha paa la jiko la shule kimefika wapi.